Haluli ya Mshipani

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
Dar es Salaam
12 Julai 1997

Mwanangu Shahd,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye baridi, na kama umevaa lile sweta nililokununulia, zikukute una joto. Huku sote wazima. Baba yako mzima, ila tangu anunue televisheni hapatikani kwa neno la maana mpaka taarifa ya habari iishe, na siku hizi stesheni zimekuwa nyingi, kwa hiyo taarifa ya habari haiishi. Duka lipo. Wamachinga wamepanga viatu hadi kizingitini kwangu, mteja akitaka bizari lazima kwanza aruke raba. Ndiyo ruksa yenyewe ya biashara, kila mtu anauza. Niliwaambia wasogee, wakanijibu kwamba wananiletea wateja, na kwa kweli wananiletea.

Turki wa bandarini anakusalimu, yule kijana anayenitolea mizigo yangu ya udi na ubani forodhani. Ana adabu, hajaoa, na mama yake hana makuu. Nakupa kama habari tu.

Sasa wewe unayesomea mambo ya hospitali, hebu nitafutie dawa ya upepo. Tumbo limenifutuka. Magauni yote nimeyafumua ubavuni. Juzi mteja wangu wa siku nyingi alinipa hongera akaniuliza mwezi wa ngapi, mimi mjane wa miaka arobaini na saba. Nikamwambia ni pacha, akaondoka anahesabu vidole. Na siku zangu zikija zinakuja kama mafuriko, kiti cha dukani nakikunjia kanga mbili. Kuna daktari alinitajia neno fulani, nimelisahau. Nimekunywa mdalasini, nimekunywa haluli ya kusafisha tumbo, upepo umekataa kutoka. Baba yako hajui, na wewe usimwambie.

Shangazi yako,
Mauza

*

Moshi
3 Agosti 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sweta nimelivaa, na juu yake nimevaa la mwenzangu. Masomo yanaenda vizuri. Mwaka huu wa pili tunaingia wenyewe chumba cha upasuaji kuwapa wagonjwa nusukaputi, mwalimu amesimama nyuma yetu, na kazi yangu kubwa ni kukaa nao wakizinduka. Naipenda kazi hii kuliko nilivyotegemea. Mtu akifumbua macho, sura ya kwanza anayoiona ni yangu.

Neno ulilolisahau ni mayoma? Kama ni hilo, huo si upepo, Shangazi. Upepo haufumui magauni. Ni uvimbe kwenye kizazi, wanawake wengi wanao, na mara nyingi si wa kutisha. Lakini ukimwaga damu hivyo kila mwezi utaishiwa. Macho yako kwa ndani yamekuwa meupe? Ukipanda ngazi moyo unadunda? Nenda kwa daktari wa wanawake, halafu niandikie alichosema chote, na usichague ya kuniambia.

Nijibu barua ikifika, usingoje mzigo.

Mwanao,
Shahd

*

Kariakoo
14 Septemba 1997

Mwanangu Shahd,

Najua nimechelewa. Kwanza palikuwa na harusi ya mtaa wa Sikukuu. Kisha kontena letu likakwama bandarini, Turki akashinda huko akibembeleza makaratasi. Kisha kalamu ikapotea. Baba yako anasema kalamu haikupotea, ila yeye ana maneno mengi.

Nimekwenda. Ni hospitali ya watu binafsi iliyofunguliwa karibuni, ina mapazia kama ya hotelini. Daktari ni mwanamke, anaitwa Hyasinta, na mikono yake ina joto, jambo ambalo nililishukuru. Neno ni hilo hilo ulilosema. Anasema uvimbe umefika ukubwa wa dafu, damu yangu ni nusu ya inayotakiwa, na kwa umri wangu dawa yake ni kukitoa kizazi chote. Nikingoja mpaka mwakani, anasema, huenda nisiwe na damu ya kungojea.

Nikamshukuru, nikamwambia nitafikiri. Nimeshafikiri. Sipasuliwi.

Usiniulize kwa nini. Umeniambia nisichague ya kukuambia, na hili ndilo pekee nililochagua. Kingine, nilikupa habari za Turki na hukujibu hata nukta.

Shangazi yako,
Mauza

*

Moshi
5 Oktoba 1997

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwetu kuzima, uji wa asubuhi unatosha na mwenzangu wa chumbani ameacha kukoroma.

Umesema nisiulize, siulizi. Lakini nimeshawaona wanawake wengi wanaokataa kisu. Wengine wanaogopa kufa. Wewe kufa huogopi, sanda yako ulishainunua ukaiweka juu ya kabati, na ulinionyesha mimi nikiwa mtoto ili nijue ilipo. Kwa hiyo naona unaogopa maumivu. Kama nimekosea, niwie radhi, na kama sikukosea, endelea kusoma.

Mwalimu wangu, Dokta Onesphory, anapenda majarida ya kitabibu hata yakimfikia yamezeeka. Moja lina habari za madaktari wa Ulaya waliowapa wanawake waliotolewa kizazi dawa ya magnesiamu salfeti kwenye dripu, kuanzia kwenye nusukaputi na kuendelea baadaye. Wanawake wale walihitaji sindano za maumivu kidogo kuliko wenzao. Dawa yenyewe si ngeni, kila siku iko kabatini, tunawapa wajawazito wenye kifafa cha mimba. Dokta ameanza kuijaribu kwa baadhi ya wagonjwa wetu, kwa ridhaa yao, na mimi ndiye ninayekaa nao. Sikuuzii miujiza. Haiondoi maumivu yote, na sindano ya maumivu bado inatakiwa, ila inaisaidia ile sindano kazi. Huku kwetu sindano zenyewe zinatunzwa kwa kufuli na hazitoshi, kwa hiyo msaidizi anakaribishwa.

Sasa kaa chini kabla hujasoma mstari unaofuata. Magnesiamu salfeti ni chumvi ya haluli. Ya dukani kwako ni ya kunywa na haiwezi kuingia mshipani, hii imesafishwa na kupimwa na kufungwa kwenye kichupa, lakini asili yao moja. Siku nilipofundishwa nilicheka mpaka nikatolewa darasani. Nilikumbuka Jumamosi ya kwanza ya kila likizo, ulivyotupanga watoto wa mtaa mzima na kikombe chako cha bati ili tusafishwe matumbo, na mimi nimejificha nyuma ya magunia ya pilipili manga, nikapiga chafya.

Fikiri tena. Nakuomba.

Mwanao,
Shahd

*

Kariakoo
2 Novemba 1997

Mwanangu Shahd,

Mvua inanyesha tangu mwezi uliopita kama imesahau kufungwa. Bonde la Jangwani limejaa maji, na huku mitaani tunatembea juu ya matofali. Baba yako anashukuru, maana sasa ana sababu ya kukaa na televisheni yake. Barua yako ilifika imelowa, nikaianika juu ya gunia la haluli, na hapo ndipo nikaisoma.

Kwa hiyo mnataka kunitia haluli mshipani, nina mshono tumboni, halafu nikimbilie wapi? Wewe mtoto unalipiza kisasi cha likizo.

Nimecheka kweli. Sasa nitakueleza, kwa sababu wateja hawapo na umenipata pale pale ulipolenga.

Mwaka themanini na tatu uliambiwa nimekwenda Tanga harusini. Sikwenda Tanga. Mimba ilitunga nje ya kizazi, ikapasuka, nikapelekwa hospitali nusu mfu. Unaikumbuka miaka ile, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na dawa ya maumivu nayo ilikuwa kama sabuni. Waliniokoa kwa walichokuwa nacho, na Mungu awalipe. Lakini usingizi ulipokwisha, hapakuwa na kitu. Nilipiga kelele, Shahd. Nilimwita mama yangu aliyekwisha kufa, nikatukana, nikaomba radhi, nikatukana tena. Na kwenye kitanda cha jirani alikuwepo mwanamke wa mtaani kwetu amekuja kumtazama shemeji yake.

Haukupita muda tukakutana kwenye harusi. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nampaka bibi harusi hina, na yeye, bila kujua nipo, akawaigizia wenzake sauti yangu. Walicheka mpaka bangili zikalia. Nilimaliza kupaka hina, nikanawa, nikarudi nyumbani. Tangu siku ile sijalia mbele ya mtu, hata marehemu mume wangu alipoondoka, na watu wakasema Mauza ana moyo mgumu.

Kisu sikiogopi. Naogopa mdomo wangu. Niahidi kwamba sitapiga kelele, nami nitakwenda kesho.

Shangazi yako,
Mauza

*

Moshi
20 Novemba 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nakupa pole ya miaka kumi na minne, maana hakuna aliyekupa. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Siwezi kukuahidi. Nikikuahidi, nitakuwa nakuuzia kitu ambacho sina dukani. Ninachoweza ni kukueleza kitakachotokea, ili kisikushtue.

Dokta Onesphory amempigia simu Dokta Hyasinta, kumbe walisoma pamoja. Anaijua dawa na amekubali, mradi kwanza akupime figo na akuongeze damu. Wakiitia mshipani utahisi joto mwilini, usiogope. Baadaye muuguzi atakuwa anakugonga goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukiruka, ujue dawa haijazidi. Atahesabu pumzi zako na kupima mkojo wako, na dawa ya kuizima ile ya kwanza itakuwa imewekwa tayari karibu yako. Haluli ya mshipani haikimbizi mtu chooni, hilo nakuhakikishia.

Kisha atakuuliza swali: kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi? Sifuri ni hakuna, kumi ni yasiyovumilika. Shangazi, hapo ndipo ninapokuogopea. Nakujua. Usije ukauma meno ukasema moja. Sema namba ya kweli, kwa sababu watakupimia dawa kwa namba hiyo.

Na kelele zikija, zipige. Nimesikia nyingi. Hakuna mgonjwa hata mmoja ninayemkumbuka kwa kelele zake, nawakumbuka kwa jinsi walivyoomba chai.

Mimi siwezi kuja, mitihani ni mwezi ujao na barabara imekatwa na maji mara mbili wiki hii. Marehemu mama yangu simkumbuki sura. Yako naijua hata nikifumba macho, na sitaki kubaki nayo humo tu. Nenda, nakuomba.

Mwanao,
Shahd

*

Kariakoo
12 Desemba 1997

Mwanangu Shahd,

Marahaba, na baba yako anakusalimu. Nilikubali. Nikapimwa figo, nikaongezwa damu, nikapangiwa jana. Nimeahirishwa mpaka tarehe kumi na nane. Usishtuke, si kwa ubaya, ni kwa haluli.

Nilifikiri hivi: ikiwa hiyo kidogo ya kichupa inasaidia, kwa nini niingie mikono mitupu wakati gunia zima ninalo? Mfanyabiashara hangoji wateja wajae ndipo aagize mzigo. Nikajitangulizia bilauri mbili, nzito, za kipimo cha mtu mzima mwenye nia. Mengine unayajua, uliyaona kila likizo. Asubuhi Turki alinipeleka kwa pikapu yake, na mara mbili nilimsimamisha. Mara ya pili ilikuwa mbele ya duka la vitambaa la Bi Jasvanti. Alinifungulia mlango wa nyuma bila kuniuliza kitu, mwanamke wa watu, tena akanishikia mkoba.

Dokta Hyasinta alinivuta kope, akapima presha, akauliza nimekula nini. Nikamwambia sijala, nimejiandaa. Nilipomweleza nilivyojiandaa, alikaa ukingoni mwa kitanda akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanikemea vilivyo. Alisema mwili hauna maji, na mtu hapasuliwi akiwa mkavu kama nguru aliyeanikwa sokoni Feri. Nimerudishwa nyumbani na vipakti vya chumvi za kuongeza maji. Chumvi kwa chumvi.

Lakini nilikuwa nimefika mlangoni, Shahd, na miguu yangu haikugeuka.

Jambo jingine. Barua yako ya mwisho haikuwa na stempu. Turki alikuwa amekaa kwenye benchi anakunywa kahawa, akasema ameikuta kizingitini. Kizingiti changu kina wamachinga watano, na hakuna aliyemwona mleta barua.

Shangazi yako,
Mauza

*

Moshi
15 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Dokta Onesphory amenikataza kuwasomea wenzangu barua yako chumba cha upasuaji, kwa sababu mmoja aliangusha sinia la vifaa.

Ukiinywa, inakaa tumboni inavuta maji, kisha inaondoka nayo. Kwenye maumivu haifiki. Gunia lile lifunge kwa kamba, ufunguo wa stoo umpe Baba. Na Baba umweleze sasa kwa nini, maana kaka yako si mtoto. Kunywa maji, kula unavyoambiwa, na tarehe kumi na nane usijiandae.

Kuhusu stempu, ni mvua. Posta ina matatizo sana siku hizi.

Nitakuwa kwenye mtihani saa hiyo hiyo. Nitaandika kwa mkono mmoja na wa pili nitakushika.

Mwanao,
Shahd

*

Kariakoo
27 Desemba 1997

Mwanangu Shahd,

Naandika nimeegemea mito miwili. Baba yako amekaa mlangoni kama askari wa benki, na televisheni ameizima kwa hiari yake. Nilipomweleza ukweli wote, na wa themanini na tatu pia, alilia kuliko nilivyowahi kumwona, akasema ningemwambia angemfuata yule mwanamke na bangili zake. Bi Jasvanti ameleta dengu, akauliza kama sasa milango ya watu iko salama. Mwezi utaandama wiki hii na Dokta amenikataza kufunga, kwa hiyo nitakula mchana nimejifungia kama mwizi.

Dafu limetoka. Dokta Hyasinta aliniuliza kama nataka kuliona, nikamwambia nimelibeba muda mrefu, tunajuana.

Muuguzi wangu aliitwa Clotilda, msichana mwembamba mwenye sauti ya upole. Yeye na mtu wa nusukaputi ndio walionitia ile haluli yenu. Joto likapanda kifuani mpaka shingoni, kama nimeinamia sufuria ya wali na kufunua kifuniko. Nikatoa shahada, na baada ya hapo sikumbuki.

Nilipozinduka nilibana midomo kabla sijafumbua macho. Themanini na tatu ilianza hivyo hivyo, kimya kidogo, halafu zimwi la maumivu likanirukia. Nikangoja linirukie. Likaja, Shahd, sikudanganyi, lakini lilikuja likitembea, halikuja likikimbia. Nikalitazama. Likakaa pale tumboni, zito, lina kero, lakini lilikaa. Nikasikia mtu anagonga goti langu.

Clotilda akainama akaniuliza lile swali lako, kati ya sifuri na kumi.

Nikasema, "Tisa."

Akabadilika rangi. Akatoka karibu mbio, nikasikia anamwita Dokta, akarudi na sindano. Mimi nikashangaa sana, kwa sababu huyu binti alikuwa hajasema yake.

"Mbona hupunguzi?" nikamwuliza. "Nimesema tisa ili wewe useme tatu."

"Mama," akasema, "hapa hatupatani bei. Yanauma kiasi gani?"

Sasa nihukumu wewe uliyelelewa dukani. Uliniandikia niseme kweli, na kusema kweli nilikusudia. Lakini tangu nizaliwe, sijawahi kumwona mtu wa Kariakoo akianza na ya kweli. Nikianza na nne, nilijua atanipa ya mbili. Nimeuza udi miaka yote hii kwa wateja wanaoapa hawana kitu, na ulimi wangu ukafanya kazi yake kabla akili haijaamka. Na wewe uliogopa nitashusha.

Ikabidi nilisikilize tumbo langu. Ni jambo gumu kuliko unavyofikiri, kulisikiliza bila kulipandisha wala kulishusha.

Nikasema, "Nne."

"Nne ya kweli?"

"Nne ya mwisho."

Dokta Hyasinta alikuwa mlangoni, yeye ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Clotilda, na sindano yake mkononi. Kisha nikacheka mimi, nikashika mshono, nikamwambia Clotilda sasa imefika sita na ni yeye aliyeipandisha. Mama wa kitanda cha dirishani akasema yeye ana tano, akauliza kwa tano wanatoa nini. Tukacheka wodi nzima. Sauti yangu unaijua. Ilipita mapazia, ikapita korido, ikafika getini walikokuwa baba yako na Turki. Turki akadhani nalia, akaja mbio mpaka mlangoni, wakamzuia. Aliposikiliza vizuri akarudi kumwambia baba yako kwamba Bi Mauza anacheka.

Basi hivyo ndivyo mdomo wangu ulivyonifanyia. Nimeuogopa miaka kumi na minne, na ulipofunguka ulitoa kicheko.

Baadaye, wodi ilipotulia, nililia. Mbele ya Clotilda, waziwazi, na makamasi juu. Akaniuliza namba, nikamwambia hii haina namba, nipe chai. Akasema chai mpaka kesho, akanilowesha midomo kwa pamba. Sindano ya maumivu nilipewa jioni ile na tena kesho yake asubuhi, basi. Goti langu walilipiga mpaka nikawauliza limewakosea nini.

Nakushukuru, mwanangu. Uliikataa ile ahadi niliyokuomba, na kwa kukataa kwako niliamini mengine yote uliyosema.

Sasa zamu yako. Tangu mwezi wa saba nakuandikia habari za kijana mmoja, na unajibu habari za uji. Barua mbili zimefika hazina stempu. Barua yangu ya tarehe kumi na mbili ilijibiwa tarehe kumi na tano, katika mvua hii, wakati posta yako ina matatizo. Siku ya upasuaji Turki alikaa getini kutwa, na baba yako alipompa chai yenye tangawizi alisema anaipenda, ni Shahd tu asiyeipenda. Mimi sijawahi kumwambia hilo. Baba yako akinisimulia alitazama dari.

Kati ya sifuri na kumi, Shahd. Na usifanye kama mimi.

Shangazi yako,
Mauza

*

Moshi
11 Januari 1998

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwako unayekula mchana. Mitihani nimefaulu yote. Dokta Onesphory amebadili swali lake. Sasa mgonjwa akiwa mtu wa biashara, anamwambia kwanza kwamba hapa hatupatani, ndipo anamwuliza. Juzi mwuza ndizi mmoja alimjibu, "Basi tano," akaongeza kwamba kama si kuzuiwa angeanzia kumi. Wenzangu wote wanakusalimu. Wanakujua kuliko wanavyomjua mkuu wa chuo.

Barabara imetengenezwa. Nitakuwa nyumbani siku mbili kabla ya Idi, na chai nitakuchemshia mimi.

Swali lako nimekaa nalo siku nne. Turki alikuja Moshi mwezi wa nane na mzigo wa mteja, akaleta ubani uliomtuma. Kisha akawa anakuja na mizigo midogo midogo, mpaka nikamwuliza ni mteja gani huyo anayeagiza kasha moja la viberiti kutoka bandarini. Mimi nimelelewa nyuma ya kaunta yako, Shangazi. Sikuanza na ya kweli. Wewe ulianzia tisa, mimi nilianzia sifuri, kila barua, na nilikuwa naumwa kukuficha.

Tisa.

Si ya kuanzia. Ile moja nimeibakiza, atapewa siku atakayokuja na wazee wake kwa Baba, baada ya Idi, na wewe ndiye utakayesimama kwa miguu yako mwenyewe ukamfungulie mlango.

Mwanao,
Shahd